Msimamie Mwanangu, Asimina

"Binti, hiki kidude changu bado kinaongea."

Mzee wa Kiholanzi alikuwa anacheka huku akimnyooshea Kalliroi kile kifaa cha kusikilizia, waya wake ukining'inia.

"Tia tu kapuni, baba. Kitanyamaza."

Hakikunyamaza.

Humu ndani ya ngome yetu ya Monemvasia, Ugiriki, vichochoro ni vyembamba, na kama waongoza watalii wangepiga kelele wote pamoja, tungeshakuwa viziwi. Kwa hiyo kila mmoja hubana maiki ndogo kwenye kola, akaongea kwa sauti ya kawaida, na watalii wake wakamsikia masikioni. Kazi ya Kalliroi ilikuwa kugawa vile vidude langoni na kuvikusanya uwanjani mbele ya kanisa, penye mzinga wa kale wa vita, matembezi yakiisha. Mwongoza watalii mgeni hufundishwa jambo moja kabla ya historia yoyote: ukimaliza, zima maiki. Kuna waliosikika chooni. Kuna aliyesikika akiwaita watalii wake mbuzi. Argyris, mume wa Kalliroi, ndiye aliyekuwa akiwacheka kuliko wote.

Siku hiyo akasahau yeye. Alipigiwa makofi na Waholanzi wake, akawaaga, akamwambia mkewe anakwenda nyuma ya kanisa kunywa maji. Na sasa kikapu kilichokuwa magotini mwa Kalliroi kikaanza kunong'ona kwa sauti ya mumewe.

"Usilie bwana. Asimina, nitazame."

"Silii. Nimechoka. Toka mwaka jana unaniambia kesho, kesho."

Asimina alikuwa binti wa Padri Sarantos, maana mapadri wetu huoa. Aliongoza watalii wa Kifaransa. Pasaka iliyopita alikula mezani kwa Kalliroi na kusifia kondoo.

"Safari hii siyo kesho," kikapu kikasema. "Ni baada ya ubatizo. Mama hawezi kunielewa nikimwacha Kalliroi na mtoto hajabatizwa. Acha mtoto apewe jina la marehemu baba, mama atulie, ndipo nimwambie. Watalii wakipungua, talaka. Halafu wewe na mimi."

"Kanisani?"

"Kanisani."

"Maana mimi sitaki bomani, Argyris. Nikiolewa bomani baba yangu hatanitazama tena usoni. Nataka kule juu, kanisa la Agia Sofia, baba mwenyewe atuvike mataji ya harusi."

"Juu ya mwamba, bahari yote chini yako, na padri ni baba yako. Utake nini tena?"

"Na mtoto?"

"Atalelewa na mama yangu. Kalliroi atalia wiki mbili, kisha atarudi kwao Sparti. Namjua. Hana makali yule."

Likafuata busu. Kikapu kizima kikabusu.

Mama mmoja wa Kiholanzi alikuwa bado na waya masikioni. Kigiriki hakujua hata neno. Akamgusa Kalliroi bega.

"Mumeo ana sauti tamu! Bado anaeleza mambo ya ngome?"

"Ndiyo, mama," Kalliroi akasema. "Anaeleza inavyoangushwa."

Akavizima vile vidude kimoja kimoja, hata kile cha yule mama. Argyris alipotokea pembeni mwa kanisa, akipangusa mdomo, alimkuta ameketi vilevile.

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Yalikuwa matamu?"

"Maji ni maji, mke wangu."

Kalliroi akasimama, akanyoosha mkono kwenye kola yake, akabonyeza kitufe cha maiki.

"Umesahau kuzima."

Uso wa Argyris ukawa mweupe kama chokaa. "Toka saa ngapi?"

"Nitajuaje? Vidude vyote nilishavizima zamani."

Akashusha pumzi, mjinga yule, akambusu mkewe kwenye paji la uso kwa mdomo uleule.

*

Jioni hiyo Kalliroi alimpigia mama yake Sparti. Hapo ndipo alipolia, na alilia hasa.

"Rudi nyumbani, mwanangu," mama akasema. "Mchukue mtoto urudi. Mwanaume wa hivyo hafungwi kamba."

"Nikirudi nimewarahisishia, mama. Wataoana mbele ya macho yangu, kanisani, na padri atawabariki."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui."

Alikuwa kweli hajui. Alikuwa anampenda Argyris, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alimpenda toka siku alipomsikia akiwadanganya Wajerumani kwamba yeye ni mjukuu wa maharamia. Mtoto wao wa miezi tisa alikuwa kitandani anacheza na vidole vyake vya miguu. Jina hakuwa nalo bado. Kwetu mtoto hana jina mpaka maji ya ubatizo yampate. Kabla ya hapo ni Bebi tu, hata awe na ndevu.

Ndipo simu ikalia ujumbe. Ulitoka kwa Nektarios, baharia, msimamizi wao wa ndoa. Kwa desturi, aliyewasimamia harusini ndiye humsimamia mtoto wenu wa kwanza ubatizoni.

"Kalliroi, nisamehe. Meli imekwama Singapore na ruhusa sina. Sitafika. Nawaachia mchague mwingine, na Mungu ambariki."

Kalliroi aliusoma, akausoma tena. Kisha akapangusa machozi kwa kiganja, akaanza kucheka peke yake, mpaka mtoto naye akacheka.

*

Jumapili, misa ilipokwisha, watu wote walikuwa uwanjani kama kawaida. Padri Sarantos alikuwa mlangoni akigawa mkate. Bibi Diamanto, mama yake Argyris, alikuwa ameketi na kahawa yake katika nguo nyeusi za ujane, akilalamika kuhusu watalii wanaomkalia ngazi zake. Argyris alisimama karibu na mzinga. Asimina alikuwa hatua chache kutoka kwake, umbali ule wa watu wanaojitahidi wasionekane karibu.

Kalliroi akaja katikati na mtoto kiunoni.

"Padri, nina neno. Nektarios hafiki. Mwanangu hana msimamizi."

"Masikini!" Bibi Diamanto akaweka kikombe chini. "Zimebaki siku chache tu! Nani sasa?"

"Nimeshachagua, mama. Nimemchagua mtu anayempenda mwanangu. Mtu ambaye yuko nyumbani kwangu hata nisipokuwepo."

Akatembea mpaka kwa Asimina, akamwekea mtoto mikononi.

"Msimamie mwanangu, Asimina."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Asimina alimshika mtoto kama mtu aliyepewa sufuria ya moto bila kitambaa.

"Mimi? Lakini... Kalliroi, wapo wengi. Wapo ndugu."

"Unakataa?"

Kwetu unaweza kukataa mchumba, ukakataa urithi, ukakataa hata chakula cha mama mkwe. Kumsimamia mtoto ubatizo hakukataliwi. Anayekataa amemkataa Kristo mlangoni, na hakuna wa kumpa tena hata kheri ya asubuhi.

"Binti yangu akatae?" Padri Sarantos alikuwa anacheka kwa furaha, ndevu zote zikitikisika. "Tangu azaliwe hajapata heshima kama hii! Asimina, sema!"

"Sikatai, baba," Asimina akanong'ona.

"Mungu akubariki," Kalliroi akasema. Kisha akamgeukia padri, sauti laini, kama mwanafunzi. "Padri, mimi ni mtu wa Sparti, mambo mengine sina hakika nayo. Ni kweli kwamba msimamizi na wazazi wa mtoto wanakuwa ndugu?"

"Zaidi ya ndugu! Kuanzia siku ile mnaitana kumbara. Undugu wa damu ni wa mwili tu, huu ni wa Roho Mtakatifu."

"Kwa hiyo Asimina na mume wangu watakuwa kama kaka na dada?"

"Kama kaka na dada. Kanisa limekataza kabisa hata kuwazia jambo jingine. Msimamizi na mzazi wa mtoto hawawezi kuvikwa mataji milele, hata wote wawili wakibaki wajane duniani. Hakuna askofu wa kuvunja hilo."

"Milele," Kalliroi akarudia. "Umesikia, Argyris? Unapata dada."

"Nimesikia," Argyris akasema.

"Hana makali yule," ndivyo alivyosema. Akili ni nywele, bwana. Kila mtu ana zake.

*

Siku zile simu za wapenzi hawa wawili hazikupoa.

"ANAJUA," Asimina aliandika.

"Hajui. Vidude alivizima. Ni bahati mbaya tu," Argyris akajibu.

"Bahati mbaya haiulizi padri maswali. Mwambie leo. Mwambie tunapendana, achague mwenyewe msimamizi mwingine."

"Nikimwambia kabla ya ubatizo mama atakufa."

"Na mimi je? Mimi nikishasimama pale sitakuwa mkeo kamwe. Unaelewa? KAMWE."

"Tutaoana bomani."

Asimina alipousoma huo hakuandika tena. Alimpigia.

"Rudia kwa mdomo wako."

"Mpenzi, karatasi ni karatasi. Bomani au kanisani, kitanda ni kilekile."

"Kitanda? Mimi nimekaa mwaka mzima nikiwaeleza Wafaransa habari za lile kanisa la juu huku nikijiona nimesimama ndani yake na wewe, na wewe ulikuwa unawaza kitanda?"

"Usipige kelele, nina watalii..."

"Umezima maiki?"

Akasikika akipapasa kola yake.

"Argyris. Siku ile nyuma ya kanisa. Ulizima maiki?"

"Nilisahau kidogo tu."

"Ulisahau kidogo tu!" Asimina akacheka kicheko kibaya. "Mwanaume anaoza kwa mdomo, na bado anataka mdomo huohuo umlinde. Nenda kamwambie mkeo. Nakupa mpaka Jumamosi. Ukinipenda utasema. Usiponipenda utanyamaza, na mimi nitajua."

Jumamosi ikafika, na Argyris alikuwa juu ya mwamba akiwaonyesha Waitaliano mahali ambapo wenyeji walizingirwa miaka mitatu wakala panya kabla ya kusalimu amri. Alieleza vizuri sana, kwa majonzi mengi. Kwa mkewe hakusema neno.

Asimina akaenda mwenyewe. Alimkuta Kalliroi akipiga pasi kitambaa cha mtoto.

"Karibu, kumbara."

"Usiniite hivyo bado."

"Haya, karibu, shoga yangu. Umenunua msalaba? Uwe wa dhahabu. Mama mkwe atauuma kwa meno kuhakikisha. Mafuta umechukua? Sabuni, taulo, mshumaa? Nguo nyeupe uchukue kubwa kidogo, mtoto anakua."

"Kalliroi, wewe unajua."

"Najua nini?"

"Usinitese."

"Mimi nakutesa? Nimekupa mwanangu. Kama una sababu ya kukataa, iseme. Dirisha liko wazi, mama mkwe yuko hapo chini, baba yako anapita saa hizi kwenda kanisani. Sema tu kwa sauti."

Asimina aliangalia dirisha.

"Nampenda," akasema kwa sauti ndogo.

"Na mimi nampenda. Ona tulivyo wapumbavu."

"Mwachie basi. Ukimpenda mtu unamwachia."

"Hayo waambie Wafaransa wako, wanapenda hadithi." Kalliroi akaweka pasi chini. "Nilikulisha mezani kwangu. Nilikupa mapishi ya mama yangu. Ulimbeba mtoto wangu ukamwimbia, na jioni ukaenda kupanga alelewe na nani nikishafukuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuvaa mwenyewe. Kesho saa tano, Asimina. Usichelewe."

*

Kanisa lilijaa mpaka nje. Watalii walikuwa wamejazana mlangoni na simu zao juu, maana hakuna mnara wala ukuta unaowafurahisha kama mtoto uchi anayelia ndani ya beseni la shaba. Bibi Diamanto alikaa mbele kabisa na picha ya marehemu mumewe, Panteleimon, kifuani. Alikuwa amesubiri miaka sita alisikie jina lile tena. Argyris alisimama karibu na nguzo na kutazama viatu vyake.

Asimina alivaa nguo nyeupe. Watu wakasema amependeza kama bibi harusi. Kalliroi alisikia, akatabasamu.

Padri Sarantos alimgeuza binti yake kuelekea magharibi.

"Unamkataa Shetani?"

"Namkataa."

"Unamkataa pamoja na kazi zake zote?"

"Namkataa."

"Mtemee mate."

Asimina akatema mara tatu. Mara ya tatu aligeuza shingo kidogo upande wa nguzo, na Argyris akapangusa shavu ingawa hakuna kilichomfikia.

Wakampaka mtoto mafuta mwili mzima mpaka akateleza kama samaki. Padri akamshika, akasimama juu ya maji, akamgeukia msimamizi.

"Jina la mtoto?"

Hapa nisimame kidogo. Kwetu mama hatamki jina. Baba hatamki jina. Anayelitamka ni msimamizi, peke yake, na padri analichukua mdomoni mwake jinsi lilivyotoka. Kila mtu analijua hilo, hata Kalliroi wa Sparti analijua. Lakini hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, amehesabu kila kitu, na hilo alilisahau.

Asimina alimtazama Argyris, akangoja. Naamini mpaka dakika ile, kama mwanaume yule angesema hata "subirini" moja tu, angemrukia shingoni mbele ya watu wote. Argyris aliendelea na viatu vyake. Basi Asimina akamtazama Kalliroi, macho makavu, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa watalii:

"Sarantos."

Bibi Diamanto akainuka. "Nini? Kasema nini?"

"Sarantos," Asimina akarudia.

Lilikuwa jina la baba yake mwenyewe. Jina ambalo mwanamke wa kwetu humpa mtoto aliyetoka tumboni mwake.

Mzee padri machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu. Aliona binti yake amemheshimu. Hakuona kitu kingine, na kabla mtu hajajua la kufanya, alikwishamzamisha mtoto.

"Anabatizwa mtumishi wa Mungu Sarantos, kwa jina la Baba..."

"Panteleimon!" Bibi Diamanto alipiga kelele. "Panteleimon, wewe padri! Mjukuu wangu ni Panteleimon!"

"...na la Mwana..."

"Argyris, fanya kitu! Ni jina la baba yako!"

Argyris akasogea hatua moja mbele, akarudi hatua moja nyuma.

"...na la Roho Mtakatifu."

Amina. Maji yakishamwagika hayazoleki, na haya ya ubatizo ndiyo kabisa. Watalii wakapiga makofi. Walidhani ndivyo inavyokuwa.

Mtoto akavikwa nguo nyeupe na msalaba wa dhahabu. Ikabaki desturi ya mwisho: mama anakuja mbele ya watu wote, anainama, anabusu mkono wa msimamizi, ndipo anapokea mwanawe. Kalliroi alitembea. Aliinama, akabusu mkono wa Asimina.

"Nakukabidhi mtoto," Asimina akasema maneno yanayosemwa siku zote, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Amebatizwa, amepakwa mafuta. Mlinde na moto, mlinde na maji."

Kalliroi akamnong'oneza akiwa bado ameinama, "Harusi yako ya Agia Sofia nimeizika leo."

Asimina naye akainama, kama anayembusu kumbara wake shavuni.

"Na wewe kila asubuhi umwite mwanao jina la baba yangu."

*

Karamuni Bibi Diamanto hakula. Alimpiga mwanawe kibao mbele ya wageni, picha ya marehemu ikiwa bado mkono wa pili.

"Umesimama pale kama mzinga wa uwanjani! Hata jina la baba yako umeshindwa kulilinda!"

Jioni Argyris alirudi kwa mkewe akiwa amenywea. Alikaa kitandani, akajaribu kumshika mkono.

"Kalliroi. Nimekosa. Lakini yamekwisha, si unaona? Asimina hata hanitazami. Mimi niko hapa. Nimebaki na wewe."

"Umebaki na mimi, au umebakia tu kwa kukosa pengine?"

"Ulifanya yote haya ili nisiondoke. Basi siondoki. Umeshinda."

"Mimi nilifanya haya ili usiende kwake. Habari ya kukaa hapa hatujaizungumza."

"Unanipenda. Nakujua."

"Nakupenda," Kalliroi akasema, na sauti ilikatika, maana ilikuwa kweli. "Siku ile kikapu kiliponiambia nitalia wiki mbili kisha nirudi Sparti, nilikuwa nakupenda. Sasa hivi nakupenda. Ndiyo maana siwezi kulala hapa nikisikiliza kila pumzi yako kama imezimwa au haijazimwa. Toka, Argyris."

"Niende wapi?"

"Kwa mama yako. Mpelekee jina lingine."

Magari hayaingii ndani ya ngome. Kila kitu huja kwa nyumbu na hutoka kwa nyumbu. Njia ni moja ya maduka, na lango ni moja. Asubuhi iliyofuata vitu vyake vilipakiwa juu ya nyumbu, viatu, makoti, na redio yake, akapitishwa mbele ya wauza peremende za lozi na wauza divai na watu wote anaowafahamu tangu utotoni. Watalii wakampiga picha. Mmoja akamwomba atabasamu.

*

Watu husema Kalliroi alishinda. Mimi naishi jirani naye, na nitawaambia nilichokiona na kukisikia kwa dirisha lake lililo wazi Pasaka ya juzi.

Msimamizi hapewi kazi ya siku moja. Kila Pasaka, maisha yake yote, humletea mtoto mshumaa wa ufufuko na viatu vipya. Asimina hakuolewa. Wachumba wamekuja, amewarudisha, na watoto hana. Kila alichokuwa nacho amekimimina kwa Sarantos mdogo, ambaye sasa anakimbia na kuongea kama kasuku.

Kalliroi hakurudi Sparti. Angerudi watu wangesema Argyris alisema kweli. Kwa hiyo kila Pasaka hufungua mlango, na kumbara wake huingia, na lazima ampe kahawa, maana mtu wa kumfukuza kumbara hajazaliwa.

"Nona!" mtoto alipiga kelele juzi, akamrukia kabla hajaketi. Nona ndivyo mtoto anavyomwita mama wa ubatizo. Alimkalia magotini, akamshika masikio, akamsimulia habari za paka na za jino lake linalouma. Jino ambalo mama yake alikuwa hajaambiwa.

"Sarantos, mwache nona anywe kahawa," Kalliroi akasema.

"Mwache tu, kumbara."

Nje tulimsikia Argyris akipita na kundi lake, ameongezeka tumbo, akieleza jinsi ngome hii ilivyokuwa haiwezi kuvunjwa isipokuwa kwa njaa.

"Huwa unamwona?" Asimina akauliza.

"Anakuja Jumapili. Mtoto anaogopa ndevu zake. Na wewe?"

"Tunapishana njiani. Tunasema kheri ya asubuhi." Asimina akakoroga kahawa iliyokwisha korogwa. "Nilikuchukia sana, Kalliroi."

"Na mimi nakuchukia bado."

"Najua. Ulitaka nikose mume, na nimemkosa. Ile Jumapili ulipoweka mtoto mikononi mwangu nilidhani umenipa sumu." Akamfuta mtoto makombo mdomoni. "Hukufikiria kwamba atanipenda."

Kalliroi akaanza kukusanya vikombe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Asimina aliposimama kuaga, mtoto alimng'ang'ania sketi, akaanza kulia kilio cha kweli.

"Mama, niende na nona! Mama, nilale kwa nona! Babu Sarantos amesema atanipandisha punda!"

"Babu siyo wako," Kalliroi alitaka kusema. Kisha akaona uso wa mtoto.

"Haya," akasema. "Nenda."

Akapiga goti sakafuni na kumfunga kamba za viatu, vile vipya, na kwa sababu mtoto alikuwa anamvuta Asimina mlangoni tayari, alilazimika kumshika mguu ili amalize.